Bima ya safari: imekupatia viza, lakini je, itamtibu mtoto?

Mama au mlezi, safari ya nje ya nchi ina karatasi nyingi: pasipoti, tiketi, barua ya mwaliko, kadi ya chanjo. Kati ya zote, bima ya afya ya safari ndiyo hununuliwa kwa haraka zaidi na kusomwa kidogo zaidi. Wengi huinunua siku moja kabla ya kwenda ubalozini, huangalia kama majina yameandikwa sawasawa, kisha huiweka kwenye bahasha.

Ubalozi utakagua kama bima yako imetimiza masharti ya nchi yao. Hautakuuliza kama bima hiyo inalipia mimba yako ya miezi sita, presha ya bibi unayesafiri naye au pumu ya mtoto. Hayo unatakiwa kuyakagua mwenyewe, na ni lazima uyakague kabla ya kulipa. Makala haya yatakusaidia kujua pa kuangalia.

Bima ya afya ya safari ni nini?

Ni mkataba. Unalipa kiasi fulani kabla ya safari, na kampuni inakubali kulipia matibabu yako ukiugua ghafla au ukiumia ugenini. Mkataba una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, una kiwango cha juu cha malipo, na una orodha ya mambo usiyolipiwa.

Bima hii ni tofauti na ile unayotumia nyumbani. Usiondoke ukitegemea kwamba kadi ya NHIF au ya mwajiri wako itapokelewa Berlin au Dubai. Pia bima ya safari ni ya dharura. Kliniki ya kawaida ya ujauzito, chanjo za mtoto zilizopangwa na miwani kwa kawaida havimo.

Nchi gani zinaidai?

Kila nchi ina utaratibu wake. Hii ni mifano ya sehemu ambazo familia zetu husafiri sana:

• Nchi za Schengen. Ziko 29, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uholanzi na Sweden. Kwa viza ya matembezi ya hadi siku 90, bima ni sharti. Iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, itumike katika nchi zote za Schengen, na ifunike siku zote utakazokaa. Lazima ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kusafirisha mwili endapo msafiri atafariki. Mtoto naye, hata mchanga, lazima awe na bima. Hakikisha jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa vimeandikwa.

• Saudi Arabia. Viza ya umra huja na bima ndani yake, na gharama yake imo kwenye ada ya viza. Muulize wakala wako akuoneshe karatasi ya bima hiyo na namba ya kupiga. Usikubali jibu la "ipo tu".

• Zanzibar, kwa wageni wanaoingia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana bima nyingine aliyotoka nayo kwao. Ilipoanza, mtu mzima alilipa dola 44 za Marekani kwa muda wa hadi siku 92, mtoto wa miaka 3 hadi 17 alilipa nusu yake, na aliye chini ya miaka 3 hakulipa. Kama unaishi Ulaya au Marekani na unawaleta watoto wenye pasipoti za huko kuwaona babu na bibi, jambo hili linakuhusu. Angalia bei na utaratibu wa sasa kwenye tovuti ya serikali kabla ya kulipa, kwa sababu mambo hubadilika.

• Uingereza na Marekani. Nchi hizi hazimlazimishi mgeni wa matembezi kuonesha bima ili apate viza. Usidhani basi kwamba huihitaji. Kule England, huduma ya kitengo cha dharura ni bure, lakini mgeni akishalazwa hutozwa, kwa kawaida asilimia 150 ya gharama ya NHS yenyewe. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa kwa miezi miwili linaweza kukukwamisha unapoomba viza tena. Marekani, kitengo cha dharura hakiwezi kukufukuza ukiwa katika hatari, ila bili utaletewa.

Mambo manne ya kuuliza kabla ya kulipa

Ukienda kununua, usiulize bei peke yake. Uliza haya manne, na uombe uoneshwe majibu yake ndani ya mkataba.

1. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari unalipiwa?

Hapa wanazungumzia presha, kisukari, pumu, selimundu, kifafa, matatizo ya moyo na mengineyo. Mikataba mingi hailipii, au hulipia baada ya kuongeza fedha. Baadhi ya bima za bei nafuu hazikuulizi swali lolote la afya. Usifurahi haraka. Mara nyingi maana yake ni kwamba magonjwa hayo yameshaondolewa yote, na utayakuta kwenye orodha ya yasiyolipiwa.

2. Mimba inalipiwa, na mpaka wiki ya ngapi?

Mikataba mingi hailipii kujifungua kwa kawaida. Ile iliyo nzuri zaidi hulipia matatizo ya ghafla, kama kutokwa damu au kifafa cha mimba, lakini hadi wiki fulani tu. Tafuta wiki hiyo, kisha hesabu utakuwa na wiki ngapi siku ya kurudi. Wengi hukosea kwa kuhesabu siku ya kuondoka. Mashirika mengi ya ndege nayo hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hayakubali mjamzito baada ya wiki ya 36, au ya 32 kama ni mapacha.

3. Mtoto akizaliwa safarini, naye anafunikwa?

Hili husahaulika sana. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuhitaji wiki nyingi katika wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu. Wewe una bima, lakini yeye hakuwepo iliponunuliwa. Mikataba mingi haimtambui. Kama una mimba kubwa, au umewahi kujifungua mtoto njiti, zungumza na mkunga wako kama safari hiyo inaweza kusubiri.

4. Nani anailipa hospitali?

Kuna kampuni zinazolipa hospitali moja kwa moja, na kuna zinazotaka ulipe kwanza mfukoni mwako ndipo udai. Uliza pia kama kuna sehemu ya bili unayobeba mwenyewe kila unapotibiwa. Kama unatakiwa kulipa kwanza, jiulize mgonjwa akilazwa usiku huo fedha zitatoka wapi.

Jaza fomu kwa ukweli

Chukua mfano huu. Bibi wa miaka 62 anakwenda Ujerumani kumsaidia binti yake aliyejifungua. Humeza dawa za presha kila asubuhi. Kwenye fomu kuna swali: una ugonjwa wowote wa kudumu? Anayemsaidia kujaza anamwambia aandike "hapana" ili bei isipande. Wiki ya tatu bibi anapata kiharusi. Hospitali inamtibu. Kisha kampuni inaomba kumbukumbu zake za matibabu, na humo kuna presha ya miaka minane. Kampuni inakataa kulipa, na bili inabaki kwa binti mwenye kichanga mkononi.

Ongezeko ambalo bibi angelipa mwanzoni lingekuwa dogo kuliko siku moja ya kulazwa. Kwa hiyo mama, usimruhusu wakala, ndugu au rafiki akujazie fomu kwa kukisia. Soma kila swali. Usipoelewa lugha, mtafute mtu akutafsirie neno kwa neno. Baki na nakala ya ulichojaza.

Pita kliniki kabla ya safari

Njoo wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka. Omba mambo haya:

• Barua fupi yenye magonjwa uliyonayo, dawa unazotumia kwa majina yake halisi, na vipimo vya karibuni. Inakusaidia kujaza fomu ya bima na inamsaidia daktari wa ugenini.
• Dawa za kutosha safari nzima na wiki moja ya ziada, zikiwa kwenye pakiti zake. Ziweke kwenye begi la mkononi.
• Kadi ya kliniki ya ujauzito au kadi ya mtoto, na chanjo zinazodaiwa na nchi unayokwenda. Bima haichukui nafasi ya chanjo. Kwa mfano, cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa.

Ukishanunua bima, piga picha ya karatasi yake na uitume kwa mtu mmoja nyumbani na kwa mwenyeji wako. Andika namba ya mkataba na namba ya dharura kwenye karatasi na uiweke ndani ya pasipoti. Simu huisha chaji, na huibiwa.

Mtoto akiugua mkiwa ugenini

Mpeleke hospitali mara moja ukiona dalili hizi: anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua kwa shida, amelegea sana au haamki vizuri. Usisubiri ruhusa ya kampuni ya bima kwanza. Katika nchi za Schengen namba ya dharura ni 112.

Mtoto akishapokelewa, wewe au mwenyeji wako aipigie kampuni siku hiyo hiyo. Mikataba mingi inadai itaarifiwe mapema, hasa mgonjwa akilazwa. Kama hali si ya dharura, piga kwanza ili wakuelekeze hospitali wanayofanya nayo kazi.

Mtoto akiwa na homa, mwambie daktari mmetoka nchi gani na lini. Sema neno "malaria" kwa sauti. Daktari wa Ulaya anaweza kudhani ni mafua tu, na malaria kwa mtoto mdogo haisubiri. Hata mkisharudi, mtoto anayeishi Ulaya aliyekuja likizo huku akipata homa wiki au miezi michache baadaye, sema hivyo hivyo.

Kabla ya kutoka hospitali, chukua ripoti ya daktari, bili yenye mchanganuo na stakabadhi zote, hata ya duka la dawa. Bila karatasi hizo, madai yako yanaweza kukataliwa.

Kama huna uhakika

Leta karatasi yako ya bima kliniki pamoja na kadi yako. Muuguzi hauzi bima na hawezi kuisemea kampuni, lakini anaweza kukaa nawe mkalinganisha orodha ya yasiyolipiwa na hali yako ya afya. Ukigundua presha ya mama yako au mimba yako haimo, bado una muda wa kurudi kwa wakala na kuomba mkataba mwingine. Muda huo unaisha mnapopanda ndege.