Nani Atamsikiliza Mwanafunzi Mwenye Sonona?

Mwanafunzi aliyevunjika mguu hupelekwa zahanati siku iyo hiyo. Mwanafunzi asiyelala usiku, aliyepoteza hamu ya chakula na asiyefurahia tena masomo wala michezo, aghalabu huambiwa kuwa ni mvivu. Hali hiyo ikidumu kwa majuma kadhaa, yaweza kuwa dalili ya sonona, nayo ni maradhi yenye tiba.

Uchunguzi uliokusanya takwimu za nchi nyingi waonyesha kwamba thuluthi moja hivi ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya namna hiyo. Hata hivyo, wengi wao hawamfikii mtaalamu yeyote.

Sababu ni kadhaa. Kijana mwenyewe huenda hajui kwamba anaugua. Wazazi nao huenda wakadhani ni utundu au ni mambo ya kishirikina. Wataalamu ni wachache, na wengi wako mijini. Juu ya hayo iko aibu. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1910, na ile ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Katika enzi hizo za ukoloni, hospitali za akili zilikuwa zaidi mahali pa kuwatenga wagonjwa. Huduma zimebadilika sana tangu hapo, lakini majina hayo bado hutumiwa na watu kwa mzaha. Ni kijana gani atakayependa kuchekwa?

Je, huduma haiwezi kumfuata kijana shuleni? Swali hili lilifanyiwa jaribio nchini Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Walishiriki wanafunzi 413 wa shule nne za sekondari, waliokuwa na dalili nyingi za sonona au wasiwasi. Waligawanywa kwa bahati nasibu, ili makundi mawili yasitofautiane tangu mwanzo. Kundi la kwanza lilipata mafunzo yaitwayo Shamiri, yaani kustawi. Kwa majuma manne walikutana mara moja kwa juma, wakajadili jinsi tabia na uwezo wa mtu unavyoweza kubadilika, faida ya kushukuru, na mambo ambayo kila mmoja huyathamini maishani. Viongozi wa mijadala hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliopewa mafunzo mafupi.

Kundi la pili lilikutana kwa muda ule ule, lakini lilifundishwa mbinu za kujisomea. Kwa nini? Huzuni huweza kupungua yenyewe kadiri siku zinavyopita, na kukutana na wenzi peke yake hufariji. Pasipo kundi la kulinganishia, mtafiti angeweza kuisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na wakati.

Na kweli, dalili zilipungua katika makundi yote mawili. Lakini zilipungua zaidi katika kundi la Shamiri, na baada ya miezi saba tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana.

Matokeo haya hayamaanishi kuwa daktari hahitajiki. Tofauti iliyopatikana ni ya wastani wa kundi, na wastani hausemi kwamba kila mmoja alipona. Mwanafunzi anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayesema kwamba heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe mara moja kwa mganga wa kituo cha afya. Ndipo mwalimu anapokuwa mlango wa kwanza wa huduma, kwa kuwa yeye humwona mwanafunzi kila siku na hutambua mapema mabadiliko yake. Kazi yake ni kuuliza kwa upole na faraghani, kusikiliza pasipo kukemea, na kujua mahali pa kumpeleka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wanafunzi watayafichua maradhi haya pale watakapokuwa na hakika kwamba darasa halitawacheka.