Mwanga katika Maonyesho ya Vioo vya Hungaria

Sisi waalimu, tuandaapo maonyesho, hupenda kuanza na maandishi ya ukutani. Kwa sanaa ya vioo ya Hungaria yafaa kuanza na mwanga. Kioo cha rangi cha Miksa Róth (1865–1944), fundi wa madirisha ya Bunge mjini Budapest, kikimulikwa kwa mbele huwa cheusi kama ubao wa darasani, na mtoto hukipita asikitazame. Mwanga sharti utoke nyuma, upitie kitambaa cheupe ili usambae. Sanamu za Zoltán Bohus, za vioo bapa vilivyogundishwa, vikakatwa na kusuguliwa, zataka kuzungukwa: kila hatua hubadili kinachoonekana ndani. Basi ziwekwe katikati ya chumba, juu ya meza isiyotikisika, kwa kimo cha macho ya mtoto.