Mbunge Tuliyemjua kwa Kanda

Lori la Zambia likisimama Mikumi, dereva hushuka kwanza kukagua matairi, ndipo avuke barabara kutafuta chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi wao walipita pia kibandani kwangu, kwa sababu nilikuwa nauza kanda. Iliyokuwa haikai rafuni ni *Machozi, Jasho na Damu* ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001. Walikuwa wananiambia niiweke kwenye redio kwanza, wimbo wa *Ndio Mzee*, ndipo watoe hela.

Humo Jay anajifanya mgombea aliyepanda jukwaani. Anaahidi mabomba yanayotoa maziwa na wanafunzi kupelekwa mwezini kwa masomo ya vitendo, na umati unaitikia kila ahadi bila kuhoji fedha zitatoka wapi. Baadaye akatoa *Siyo Mzee*, ambamo wananchi wameshtuka na hawakubali tena.

Mwaka 2015 mwimbaji yuleyule, kwa jina lake la Joseph Haule, akagombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema na akamshinda Jonas Nkya wa CCM. Magazeti ya burudani yalishangilia kwamba staa ameukwaa uheshimiwa. Mimi niliona kubwa zaidi ya hilo. Jimbo letu lilikuwa na kitu ambacho majimbo mengine hayana: kipimo cha ahadi za mgombea, kilichotoka kinywani mwa mgombea mwenyewe. Wazee ambao hawakuwa na habari na Bongo Fleva waliujua ule wimbo kupitia kwa wajukuu zao. Pale kibandani mzee mmoja kutoka Ruhembe alisema hayo ya maziwa tuyaache, yeye anataka kusikia habari ya maji.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Jimbo la Mikumi limo ndani ya Wilaya ya Kilosa, na shida zake hazifanani. Ruhembe na Kidodi watu wanaishi kwa miwa, wanakitegemea kiwanda cha sukari cha Kilombero. Jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mkulima anakesha shambani akipiga madebe kufukuza tembo. Makao makuu ya wilaya yako Kilosa mjini, na njia ya kupitia kata yetu iitwayo Ulaya mvua zikikolea ilikuwa inakata, ukalazimika kuzunguka Morogoro na Dumila kwenda kufuata shughuli ndani ya wilaya yako mwenyewe.

Hapo ndipo umaarufu unapotuchanganya. Tukimchagua mtu tunayemjua kwa sauti na sura, tunamtarajia atende kama alivyotenda jukwaani, peke yake na papo hapo. Mbunge hana greda wala hachimbi kisima. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuihoji Serikali, na huku wilayani anaketi kwenye baraza la madiwani akiwa na kura moja tu. Barabara kuu ni za TANROADS, za vijijini ni za TARURA, maji ya vijijini ni ya RUWASA. Mbunge mzuri ni yule anayewabana hao wote, kikao hadi kikao, na kazi hiyo haina kiitikio.

Hata hiyo hatukuweza kuifuatilia vizuri. Januari 2016, Bunge lile likiwa bado jipya, Serikali ilitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitaendelea kurusha vikao moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Tukabaki na vipande vilivyorekodiwa. Nyimbo zake mpya, *Kibabe* na *Pagamisa*, zilitufikia kwenye runinga mchana kweupe, lakini maswali aliyouliza Dodoma kwa niaba yetu yalitupita. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Msanii tulimwona kila siku. Mbunge tuliyemtuma hatukumwona kazini.

Mwaka 2020 kiti kilikwenda kwa Dennis Londo wa CCM. Siwezi kukubali wanaosema kwamba hiyo ilikuwa hukumu ya Mikumi dhidi ya wasanii. Mwaka ule Chadema iliambulia jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini, na upinzani uliyakataa matokeo. Rapa Sugu wa Chadema naye alipoteza Mbeya Mjini, aliyoishika tangu 2010. Lakini katika uchaguzi huohuo rapa mwingine, Mwana FA, aliingia bungeni kupitia CCM, kutoka Muheza, na baadaye akawa naibu waziri. Mwanamuziki ashinde au ashindwe, chama kina nguvu kuliko kipaza sauti. Na hata nje ya nchi umaarufu pekee hautoshi: George Weah, mwanasoka bora wa dunia wa 1995, alishindwa urais wa Liberia mwaka 2005 kabla ya kuupata, na mwaka 2023 wananchi walimpa mwingine.

Januari 2022 Jay alilazwa Muhimbili akiwa mahututi, figo zikiwa zimeathirika. Alikaa siku 127 chumba cha wagonjwa mahututi. Alipotoka aliimba *Siku 462*, akihesabu muda wote wa ugonjwa, na mwaka 2023 akazindua taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Katika yote aliyoyafanya tangu atoke bungeni, hilo ndilo ninalolithamini zaidi, maana gharama za kusafisha damu zinaziacha familia nyingi bila kitu.

Wasanii na wachezaji wataendelea kuja kuomba kura, na sioni ubaya wowote. Akija wa kwenu, msikilize, halafu muulize ataibana ofisi gani, kwa jambo lipi, na wewe utajuaje kama ameibana. Mikutano ya baraza la madiwani ina nafasi ya wananchi kuketi na kusikiliza. Nendeni mkakae.