Titi la Pili Halina Kosa

“Daktari, toa na hili lingine, tumalize.” Anayesema mara nyingi ni mume au shangazi aliyemsindikiza mgonjwa kutoka Kariakoo. Mwenye matiti yuko kimya.

Watu wanaamini saratani huruka kutoka titi moja hadi jingine kama moto wa soko la Kariakoo ule wa Julai 2021, kwamba ukiwahi kubomoa kibanda cha jirani umeokoa mtaa. Si hivyo. Saratani ikitoka kwenye titi hupita kwenye damu na mishipa ya limfu, ikatua kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na huko ndiko inakoua. Kukata titi lisiloumwa hakuzirudishi chembe zilizokwisha kutoka. Titi hilo likija kuugua, kwa kawaida ni saratani mpya iliyoanzia humo humo, na kwa asiye na hitilafu ya jeni ya kurithi huwapata kama wanawake 2 hadi 5 katika 1,000 kwa mwaka. Tafiti nazo hazijaonyesha kwamba mgonjwa wa namna hiyo huishi zaidi kwa kukatwa yote mawili.

Anachoongezewa ni kidonda cha pili, maji chini ya ngozi, pengine usaha. Kidonda kikichelewa kupona, kemo inaahirishwa. Wagonjwa wetu wengi huja hatua ya tatu au ya nne. Tutapoteza wiki kwa titi lisilo na kosa?

Msiniletee mfano wa mwigizaji Angelina Jolie. Alipokatwa matiti yote mawili mwaka 2013 hakuwa na saratani; alirithi hitilafu ya jeni ya BRCA1.

Wenye sababu wapo. Uliyeugua ungali kijana, au mwenye ndugu kadhaa wa damu waliougua titi au ovari (wa upande wa baba wanahesabika, jamani!), omba ushauri wa vinasaba kabla ya kisu. Wengine: mamografia kila mwaka; na uvimbe ukiwa wa homoni, dawa ya tamoxifen hupunguza hatari ya titi la pili kwa karibu nusu. Upasuaji wa titi la pili unaweza pia kungoja matibabu yaishe. Na mwanamke akiyaelewa yote haya, bado akautaka kwa sababu hawezi kuishi na hofu, tutaupanga. Ila nitamsikia yeye, wasindikizaji wakiwa nje.

Mkija hospitali ya saratani ya Ocean Road, njooni na majibu ya patholojia. Bila kujua aina ya uvimbe na hatua yake, hatuna cha kujadili.