Aseme kwa Lugha Yake

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo jamaa nyingi hulisahau wanapompeleka mgonjwa wa pombe au wa dawa za kulevya kutibiwa. Jambo hilo ni lugha.

Mwaka mmoja nilimsindikiza jirani yetu, mzee ajuaye Kikamba tu, mpaka nyumba moja ya matibabu. Mshauri aliuliza kwa Kiingereza, na binti wa mzee akawa mfasiri. “Baba, wanywa kiasi gani?” Mzee alimtazama binti yake, akainama, akajibu, “Kidogo tu.” Ni baba gani atakayefunua aibu yake yote mbele ya mtoto wake? Usiku wa pili alishikwa na kifafa, tukamkimbiza hospitali.

Sikiliza sababu yake. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukinyimwa ghafula, waweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kushikwa na kifafa, hata kufa. Kwa hiyo daktari hana budi kuijua kweli: mgonjwa hunywa kiasi gani, tangu lini, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama atumia kitu kingine. Tena mwili ukiisha kutulia, sehemu kubwa ya matibabu yaliyobaki ni mazungumzo. Asiyeelewa maneno atapataje faida?

Basi tufanyeje? Kwanza, piga simu 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2012. Simu hiyo ni ya bure. Uliza ni nyumba zipi zilizo na kibali karibu nawe.

Pili, kabla ya kulipa ada, uliza hivi: “Ni nani hapa atakayesema na mgonjwa wetu kwa lugha yake? Je, ni mshauri mwenyewe? Na mazungumzo ya vikundi huendeshwa kwa lugha gani?” Usione haya kuuliza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaagiza kwamba, inapowezekana, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoifahamu.

Tatu, asipopatikana mshauri wa lugha hiyo, ombeni mfasiri aliye mtu mzima, asiye wa jamaa, awezaye kutunza siri na kufasiri yote bila kupunguza. Mke asiwe mfasiri, wala mtoto.

Wapendwa, siku ya Pentekoste wageni wa Yerusalemu hawakuagizwa wajifunze kwanza lugha ya mitume. Kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao, na ndipo mioyo yao ilipoguswa.

Na yule mzee? Huko hospitali muuguzi mmoja Mkamba alivuta kiti, akamwamkia kwa lugha ya nyumbani, kisha akamwomba binti atoke nje kidogo. Mzee alisema kwa muda wa saa nzima. Siku hiyo ndipo matibabu yake yalipoanza.