Makaa ya Mawe ya Mui na Mwenye Shamba

Mkulima akija ofisini kwetu kutafuta mbegu au kuuliza habari ya chanjo, mara nyingi kabla ya kuondoka huuliza swali jingine: Je, chini ya shamba kukionekana makaa ya mawe, shamba ni la nani? Swali hili limetoka Kitui. Huko, katika bonde la Mui, kuna makaa ya mawe mengi ambayo hayajachimbwa, na juu yake wanakaa watu wanaolima ndengu, mbaazi na mtama, wanaopanda miembe, na kufuga mbuzi na nyuki. Habari ikisafiri hubadilika. Wengine wamesikia kwamba kila mwenye ekari huko ni tajiri. Wengine wamesikia kwamba watu wote wamekwisha kufukuzwa. Yote mawili si kweli, na yafaa jambo hili lielezwe toka mwanzo, yaani toka chini ya udongo.

Fikiri kwanza kinamasi. Wakulima walio karibu na Ondiri kule Kikuyu, au kinamasi cha Yala, wanaujua udongo wa mahali kama hapo: mweusi, mwororo, umejaa mizizi na majani ambayo hayakuoza yakaisha. Sababu yake ni maji kuizuia hewa. Katika shamba la kawaida jani likianguka huozeshwa na vijidudu vinavyohitaji hewa, likawa mbolea. Ndani ya maji yaliyotulia vijidudu hivyo havina nguvu, basi majani na magogo hulundikana mwaka baada ya mwaka. Udongo wa namna hiyo ukikaushwa waweza kushika moto. Huo ndio mwanzo wa makaa ya mawe.

Baadaye ardhi hudidimia, mito huleta mchanga na matope, na kinamasi chote hufunikwa. Uzito wa juu hukamua maji kama mtu anavyokamua nguo. Mzigo unapozidi, joto la ardhi nalo huzidi, kwa maana kadiri unavyokwenda chini ndivyo joto linavyoongezeka. Maji hutoka, mivuke mingine hutoka, na kile cheusi kinachoshika moto hubaki. Mchoma makaa ataelewa upesi, kwa sababu naye hufunika kuni kwa udongo ili hewa isiingie; moshi hutoka, makaa hubaki. Ila yeye hutumia moto na siku chache, na ardhi hutumia uzito na joto kwa mamilioni ya miaka.

Kwa hiyo makaa ya mawe si ya namna moja. Yaliyokamuliwa kidogo ni ya rangi ya kahawia, yana maji mengi ndani, na moto wake si mkali. Yaliyokamuliwa sana ni meusi, magumu, na hung'aa. Mafundi waliopima makaa ya Mui wameyaweka kati ya makaa ya kahawia na yale meusi yaliyo laini. Yanafaa kwa mitambo ya umeme na kwa matanuri ya saruji, lakini si ya namna inayotafutwa kwa kuyeyushia chuma.

Mtu ataniuliza, mbona yawe Mui tu? Sehemu kubwa ya Kitui imekaa juu ya mawe magumu ya kale, yaliyopikwa na kukunjwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na msitu wowote duniani, basi ndani ya mawe hayo makaa hayawezi kupatikana. Lakini kandokando ya vilima vya Mutito mawe hayo yalipasuka kwa mstari mrefu wa kutoka kaskazini hadi kusini, na upande mmoja ukashuka. Pakawa na shimo refu, kama hori la kulishia ng'ombe. Ndani ya hori hilo maji yalituama, mimea ikaota na kuanguka, matope yakafunika, na mambo hayo yakarudiwa mara nyingi. Hori lote lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 500, yaani kama ekari 120,000. Limegawanywa sehemu nne: A ni Zombe–Kabati, B ni Itiko–Mutito, C ni Yoonye–Kateiko, na D ni Isekele–Karunga.

Hapa niseme neno kwa wale wanaotuletea mawe. Udongo mweusi wa pamba si dalili ya makaa. Jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo huonekana upande wa Naivasha na Gilgil, ni jiwe la volkano, wala haliwaki hata ukilitia motoni siku nzima. Vipande vinavyometameta katika mchanga wa Ukambani ni ulanga. Jiwe la makaa ni jepesi kuliko jiwe la kawaida, huchafua mikono, na likiwaka hutoa moshi na harufu yake.

Wizara ya Nishati ilianza kuchunguza bonde la Mui mwaka 1999. Katika uchunguzi huo vilichimbwa visima 76 vyembamba vya kutoa vipande vya mawe toka chini, na visima 42 vilikuta makaa. Tazama vizuri hesabu hiyo: visima 34 havikukuta kitu. Tabaka za makaa hazikutandazwa sawa kama mkeka. Mahali pengine ni nene, pengine ni nyembamba, pengine zimekatika kabisa. Jirani wawili waweza kupakana, mmoja ana makaa chini yake na mwingine ana matope matupu.

Katika sehemu ya C peke yake ilikadiriwa kwamba kuna tani milioni 400. Ukipakia lori la tani kumi, hiyo ni safari milioni 40. Lakini mkulima asidanganywe na hesabu kubwa. Mahindi yanapotoa mbelewele waweza kuhesabu mashina na kukadiria magunia, lakini magunia hayo hayamo ghalani bado. Kuna mvua, kuna wadudu, kuna bei ya soko. Makaa yaliyo chini ni hivyo hivyo. Mengine ni membamba mno, mengine yako chini mno, na gharama ya kuyatoa yaweza kupita bei yake.

Mwezi wa Desemba 2013 Serikali ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Fenxi kutoka China juu ya sehemu za C na D. Tangu hapo miaka mingi imepita na Mui haijawa mgodi wa kutoa makaa ya kuuza. Sababu moja ni mnunuzi. Ilitarajiwa kwamba makaa ya Mui yangepelekwa Lamu, kwenye mtambo mkubwa wa umeme wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 baraza linaloamua mashauri ya mazingira lilifuta kibali cha mtambo huo, likisema wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Mwaka 2020 benki ya China iliyokuwa itoe fedha ikajiondoa. Zaidi ya hayo, mvuke wa ardhini wa Olkaria na kwingineko sasa hutoa karibu nusu ya umeme wa Kenya, bila kuchoma kitu. Viwanda vya saruji huagiza makaa toka nje na vingeweza kununua ya hapa, lakini reli haifiki Mui, na makaa ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa kila tani. Barabara ndefu hula faida yote.

Si sisi tu. Jirani zetu wa Tanzania wana makaa ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, upande wa Ziwa Nyasa. Ngaka, katika mkoa wa Ruvuma, uchimbaji ulianza mwaka 2011. Lakini Mchuchuma, wilaya ya Ludewa, panapokadiriwa tani milioni 428, mapatano yalitiwa sahihi mwaka huo huo wa 2011, na miaka zaidi ya kumi ikapita bila mgodi mkubwa uliotarajiwa.

Katika miaka hiyo ya kungoja ndipo shamba linapoharibika. Mtu akisikia kwamba atahamishwa husita. Haongezi matuta ya kuzuia mmomonyoko, hajengi tangi la maji, hapandi miembe. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Aliyeacha kupanda mwaka 2013 kwa kungoja mashine amekosa mavuno mengi, na mashine hazikuja. Tena miti, nyumba na matuta ni mambo yanayohesabiwa wakati wa kulipwa fidia. Aliyeyaacha amepunguza thamani ya shamba lake kwa pande zote mbili. Na wanunuzi wa ardhi hutangulia mashine. Anayeuza kwa hofu huuza rahisi.

Ikiwa siku moja uchimbaji utaanza, kuna maswali ambayo mkulima ana haki ya kuyauliza barazani kabla kibali hakijatolewa, na la kwanza ni maji. Kitui ni nchi kavu. Watu huchota katika mchanga wa mito na katika mabwawa ya mchanga. Shimo la mgodi likishuka chini ya kiwango cha maji ni lazima maji yapigwe pampu yatoke, na visima vya jirani vyaweza kukauka. Makaa mengi pia yana kiberiti. Mawe yenye kiberiti yakipata hewa na mvua hutoa maji makali kama ya betri, mekundu kwa kutu, nayo yakiingia mtoni huua samaki na kuchoma mimea. Swali jingine ni la udongo wa juu. Mgodi wa wazi hufunua nchi yote, na udongo wa juu lazima uwekwe kando ili urudishwe juu. Kila mkulima aliyechimba choo anajua kwamba udongo wa chini ukitandazwa juu, hauoti kitu kwa miaka.

Sasa lile swali la mwenyewe. Hati ya shamba inakupa ardhi, lakini haikupi madini. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imeweka madini kuwa mali ya umma, chini ya ulinzi wa Serikali kuu kwa niaba ya wananchi. Lakini kifungu cha 40 kinasema kwamba mtu akinyang'anywa ardhi kwa faida ya umma ni lazima alipwe fidia ya haki, kamili, bila kukawia. Na kazi hiyo hupitia Tume ya Taifa ya Ardhi. Tena Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imegawa mrabaha hivi: katika kila shilingi 100, Serikali kuu hupata 70, kaunti 20, na jamii ya mahali panapochimbwa 10. Hizo kumi ni za jamii nzima, wala hazigawiwi kwa kufuata ekari za mtu.

Fidia hulipwa kwa jina lililo katika daftari la ardhi. Hapo ndipo watu wetu wa skimu wanapokwama, kuwe na makaa au kusiwe. Mashamba mengi bado yana jina la baba au babu aliyekwisha kufa, na mengine bado yana deni la mkopo wa makazi, hivyo hati haijatolewa. Mwenye deni aende ofisi ya makazi ya kaunti yake aulize limebaki kiasi gani, na adai risiti kwa kila anacholipa. Mwenye shamba la marehemu aanze kwa chifu apate barua inayotaja warithi wote, wakiwamo wajane na mabinti, kisha aipeleke mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Aende pia ofisi ya ardhi kutafuta nakala ya daftari la shamba lake, aone kwa macho yake ni jina gani lililoandikwa humo.