Mkongwe Haulizwi Ujana Wake

Mwaka 2021 kundi la wasanii wa muziki wa kufokafoka liitwalo Weusi, lenye asili yake hapa Arusha, lilitoa albamu iliyopewa jina la Air Weusi. Tangu wakati huo, mtu akikaa katika kibanda cha kinyozi pale Kijenge, au akipanda daladala la Ngaramtoni siku ambayo dereva amefungua redio kwa sauti ya juu, hakosi kusikia mabishano. Mmoja atasema kwamba Joh Makini wa leo si yule wa zamani. Mwenzake atamjibu kwamba hata yeye mwenyewe si yule wa zamani, na nywele zake zinashuhudia. Abiria watacheka, kisha mabishano yataanza upya.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba yawezekana wakauliza, ugomvi huu wa vijana wa chini ya Mlima Meru unatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Na waheshimiwa watumishi wa serikali ambao husoma ukurasa huu kabla ya kufungua majalada yao nao wataona kwamba jambo lenyewe ni dogo. Twawaomba wote wavute subira. Ndani ya ugomvi huu mdogo limo swali kubwa: je, jamii yetu inajua namna ya kumsikiliza mtu aliyeanza kusema akiwa kijana, na ambaye bado anasema akiwa mtu mzima?

Kwanza yafaa tukumbushane historia. Muziki wa kufokafoka uliingia nchini kwa kanda za Marekani, na vijana wetu walianza kwa kuiga Kiingereza ambacho wengine hawakukielewa vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mdundo huo bila kulemewa. Arusha haikubaki nyuma. Mji huu uko njiani kuelekea Namanga na Nairobi, nao umezoea wageni wa kila taifa, watalii na wachimbaji wa madini. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 lilichipuka hapa kundi la X Plastaz, lililochanganya ufokaji wa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa msanii Merege. Mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa na kampuni ya mjini Munich, Ujerumani. Watu wa mbali wakaisikia sauti ya Arusha hata kabla baadhi yetu hapa hapa hatujaitambua.

Mwaka 2006 kundi hilo lilipatwa na msiba mzito. Faza Nelly, mmoja wa nguzo zake, aliuawa. Mwenzake, Gsan, hakunyamaza. Mwaka 2009 alionekana katika tuzo za muziki huo za kituo cha televisheni cha BET huko Marekani, akifoka kwa Kiswahili mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua neno hata moja la lugha yetu. Wakati huo huo hapa nyumbani yalikuwa yamekwisha simama makundi mengine mawili, River Camp Soldiers na Nako 2 Nako Soldiers. Ni katika makundi hayo mawili walimotoka Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako, Lord Eyez na Bonta, ambao ndio waliokuja kuitwa Weusi.

Sasa turudi kwenye maoni ya wasikilizaji. Tumeyasikiliza kwa muda mrefu, na twaona kwamba yamegawanyika kwa namna inayofundisha.

Wako wasemao kwamba wakongwe hawa wamelainika. Hawa ni watu waliokuwa vijana miaka ya 2000, na wengi wao sasa ni mafundi, walimu, wenye maduka na madereva wa magari ya watalii. Wanataka kusikia tena ile sauti kavu ya kijana wa uswahilini asiye na kitu, anayesema na mji mzima kana kwamba mji unamdai. Wanapokutana na viitikio vya kuimbika na midundo ya kuchezeka, wanajiona wameachwa njiani. Malalamiko yao yana uzito, kwa kuwa walikuwa wanunuzi wa kwanza, na mnunuzi wa kwanza hujiona mbia.

Wako pia wasemao kinyume. Kwao mtu aliyekwisha kujenga nyumba, kuoa na kulea hawezi kuendelea kujifanya anasimama kwenye kona ya mtaa akisubiri riziki. Huo ungekuwa uongo, na msingi wa muziki huu tangu mwanzo ni kusema lile ulilo nalo. Kama mkongwe amekula, aseme amekula.

Halafu kuna vijana wa leo, ambao wao hawana ugomvi wowote. Wanapokea wimbo mmoja mmoja kwenye simu, wanaucheza wiki mbili, wanausahau. Ukiwauliza albamu ni nini, watakuambia ni orodha ya nyimbo. Hawajui kwamba zamani mtu alinunua kanda nzima, akalazimika kuusikia hata wimbo asioupenda kwa sababu kurudisha utepe mbele na nyuma kulimaliza betri, na mara nyingine wimbo ule asioupenda ndio uliokuja kubaki moyoni.

Sisi wa safu hii tulikuwa upande wa kwanza, wa walalamikaji. Twakiri hivyo kwa sababu yapo yaliyotugeuza. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiwasimulia vijana habari za wimbo mmoja wa zamani wa hapa mjini, jinsi ulivyokuwa mkali, jinsi ulivyomnyooshea kidole kila mla rushwa. Kanda yetu ililiwa na mashine zamani sana. Siku moja jamaa mmoja akaupata wimbo huo, akautuletea. Tukakaa kuusikiliza kwa heshima zote. Ndugu msomaji, beti moja tu ilikuwa ya mla rushwa. Zilizobaki mwimbaji alikuwa akijisifu kwamba anafoka kuliko wenzake. Ulikuwa wimbo mzuri bado; lakini haukuwa ule tuliokuwa tukiusimulia. Ule mwingine tulikuwa tumeutunga wenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka ishirini.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba msikilizaji anayelinganisha albamu ya sasa ya mkongwe na ile ya zamani mara nyingi halinganishi albamu mbili. Analinganisha albamu na ujana wake mwenyewe, na katika mashindano ya namna hiyo hakuna msanii awezaye kushinda.

Watu wa visiwani wana jambo la kutufundisha hapa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri hakuwa msichana tena. Alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekwisha kuonja dunia. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipanda jukwaani akiwa bibi kizee, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya heshima ya WOMEX. Hatukupata kusikia mtu wa Ng'ambo au wa Mji Mkongwe akilalamika kwamba sauti ya Bi Kidude imekuwa nzito kuliko alipokuwa mwali. Ule uzito ndio watu waliokuwa wakiufuata. Klabu ya Ikhwani Safaa imeishi tangu mwaka 1905 kwa sababu wazee hawakuondolewa ili vijana waingie. Vijana waliketi pembeni ya wazee wakajifunza. Taarabu imeupa uzee kiti. Muziki wa kufokafoka haujaupa kitu chochote, kwa kuwa wenyewe ni mchanga, na hiki ndicho kizazi chake cha kwanza kuota mvi. Wasanii hawa hawana mtu wa kumtazama mbele yao ili wajue mkongwe huvaaje, hutembeaje na husema nini.

Tuje kwa watumishi wa serikali. Mwezi Juni 2021, mwaka ule ule wa albamu tunayoizungumzia, Nikki wa Pili, ambaye jina lake la nyumbani ni Nickson Simon, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Baadaye alihamishiwa Kibaha. Habari hiyo iliongeza kuni katika moto wa mabishano. Wapo waliosema kwamba sasa mkosoaji amenyamazishwa kwa kiti. Wapo waliosema kwamba kiti kimepata mtu anayejua mitaa.

Kwa hakika jambo hilo si geni katika nchi hii. Profesa Jay, ambaye mwaka 2001 alimchekesha kila mtu kwa wimbo wake Ndio Mzee juu ya ahadi za wagombea, mwenyewe aligombea na akawa Mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Sugu alitangulia Bungeni mwaka 2010 kwa kura za watu wa Mbeya. Na tukirudi nyuma zaidi, Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna asemaye leo kwamba ukarani uliiharibu kalamu yake. Uwanja wetu mkubwa wa mpira hapa Arusha, ambao vijana hawa hawa wamejaa kwa ngoma na mikutano, una jina la Sheikh Amri Abeid. Ni wangapi kati yetu hukumbuka kwamba huyo alikuwa Waziri, na kabla ya hapo Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na kwamba ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954? Wafokaji wa Arusha wanapoviweka vina mwisho wa mstari wanafanya kazi ambayo mwenye uwanja aliieleza kanuni zake kabla wazazi wao hawajaoana.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba mtunzi akipewa ofisi amekufa. Lakini pia si haki kwa ofisi kumtaka mtunzi asiye na kiti aseme kama mwenye kiti. Mwezi Machi 2017 msanii Ney wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, na haukupita muda Waziri mhusika akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo na uachwe upigwe. Mwaka uliofuata msanii mwingine, Roma, alifungiwa miezi sita kwa sababu ya wimbo wake. Msanii hawezi kukomaa katika hali ambayo hajui asubuhi kama atapongezwa au atafungiwa. Huenda kulainika huko kunakolalamikiwa na wasikilizaji kuna sababu nyingine zaidi ya umri na shibe. Waheshimiwa walitafakari hilo.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo linalotuuma kuliko yote. Pale Kaloleni lipo Jumba la Makumbusho ya Azimio la Arusha, linalotunza kumbukumbu ya maneno yaliyosemwa na wakubwa mwaka 1967. Ni sawa na ni wajibu. Lakini maneno yaliyosemwa na vijana wa mji huu miaka thelathini baadaye, juu ya shule, njaa, polisi, mapenzi na madini, yamo katika kanda zinazooza ndani ya masanduku ya watu binafsi. Baadhi ya waliozisema wamekwisha kufa. Tunabishana juu ya albamu ya mwisho ya mkongwe wakati ya kwanza hatuwezi kuiweka mezani tukaisikiliza pamoja. Mabishano ya namna hiyo ni kesi isiyo na shahidi.

Tunashauri, kwa hiyo, mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Ofisi za utamaduni za Mkoa, zikishirikiana na Baraza la Sanaa la Taifa, zitangaze kwamba zinapokea nakala za kanda na santuri za zamani, kwa idhini ya wenyewe, na maktaba yetu ya Mkoa itoe chumba cha kuzisikilizia. Wenye vituo vya redio wapige wimbo wa zamani na wimbo mpya wa msanii yule yule kwa kufuatana, ili wasikilizaji wahukumu kwa masikio badala ya kumbukumbu. Wenzetu wa Unguja, ambao tangu mwaka 2002 wana chuo cha muziki kinachowafundisha vijana nyimbo za wazee, watuambie walianzaje. Na haki za watunzi zisimamiwe Bara na Visiwani kwa bidii moja, maana mkongwe asiyelipwa kwa wimbo wa jana hulazimika kuukimbiza wimbo wa leo hata kama hana la kusema.

Nao wasikilizaji tuna wajibu. Tukipewa albamu ya mtu mzima, tuisikilize yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tuseme kwa uhuru kama imetuchosha au imetufaa. Kazi mbaya ya mkongwe ni kazi mbaya, na heshima haidai tudanganye. Lakini tusimkatae kwa kosa la kuzeeka, kwa kuwa kosa hilo sote tunalifanya kila siku, wala hatujapata njia ya kuliacha.

Vijana waliokuwa wakipita Kijenge na redio begani sasa wana watoto wanaowakemea wapunguze sauti. Siku watoto hao watakapouliza baba zao walikuwa wakisikiliza nini, na kiliwaambia nini, yafaa pawe na kitu cha kuwapa mkononi.